Vizuizi vya ajira katika mashamba ya chai, Kericho na Bomet

Vizuizi vya ajira katika mashamba ya chai ni mambo yanayowafungia wakazi wa kaunti za Kericho na Bomet, Kenya, mlango wa kazi. Kikubwa ni mashine za kuchumia majani chai: moja hufanya kazi ya vibarua wengi, waliozoea kulipwa kwa kilo. Mei 2023 waandamanaji walichoma mashine hizo kadhaa Kericho. Kingine ni rushwa ya ngono. Februari 2023 uchunguzi wa BBC uliwafichua wasimamizi waliowadai wanawake ngono ili wapate kazi. Uchungu wa wakazi huongezeka kwa kuwa mashamba makubwa yalianzishwa enzi za ukoloni kwenye ardhi waliyonyang'anywa jamii za Wakipsigis na Watalai. Kazi isiyodhalilisha ni haki ya wakazi hao.