Ng'ombe huambukizwa ili asife: chanjo ya Muguga dhidi ya homa ya kupe

Mfugaji akiona ndama wake amevimba tezi chini ya sikio, ana homa kali na ameacha kunyonya, hana muda wa kusitasita. Katika majuma mawili hadi manne ndama huyo huenda akafa huku povu likimtoka puani, kwa kuwa mapafu yake yamejaa maji. Huu ndio ugonjwa ambao wataalamu huuita Homa ya Pwani ya Mashariki, na ambao wafugaji wengi nchini wanaufahamu kwa kifupi chake, ECF. Watanzania huuita ndigana kali, nao Wamaasai huuita oltikana.

Jina hilo la Pwani lina kisa chake. Baada ya sotoka kuangamiza mifugo kusini mwa Afrika mnamo 1896 na miaka iliyofuata, walowezi wa Rhodesia, ambayo leo ni Zimbabwe, waliagiza ng'ombe kutoka pwani ya Afrika Mashariki ili kujaza mazizi yao upya. Ng'ombe hao walikwenda na kupe. Mnamo 1902 mifugo ya huko ilianza kufa kwa wingi, na mwaka uliofuata mwanasayansi Mjerumani Robert Koch akaalikwa kuchunguza chanzo. Ni Arnold Theiler na Charles Lounsbury, waliokuwa wakifanya kazi Afrika Kusini, ambao utafiti wao ulidhihirisha kwamba msambazaji ni kupe wa kahawia, yule apendaye kujishikiza masikioni mwa ng'ombe. Kimelea chenyewe kikapewa jina la Theiler, yaani Theileria parva. Pwani nayo ikabaki na lawama ya jina, ingawa ugonjwa huu umeenea kutoka Sudan Kusini hadi Msumbiji.

Kimelea hiki kina ujanja usio wa kawaida. Kupe anapofyonza damu, hukitema pamoja na mate yake, nacho huingia ndani ya chembechembe nyeupe za damu, zilezile ambazo kazi yake ni kuulinda mwili. Badala ya kuziua, huzilazimisha kugawanyika bila kikomo, mfano wa saratani, na kila chembe inapogawanyika kimelea nacho hugawanyika. Ndiyo maana tezi huvimba. Askari wa mwili wamegeuzwa kuwa jeshi la adui.

Kwa miongo mingi kinga ya pekee ilikuwa kumwogesha mnyama kwa dawa ya kuua kupe, pengine mara moja au mbili kwa juma. Mashamba makubwa yaliweza. Lakini majosho mengi ya umma yalipokosa fedha na usimamizi katika miaka ya 1990, mfugaji mdogo aliachiwa mzigo huo peke yake. Aidha, kupe huzoea dawa, na dawa yenyewe ni sumu. Ilipofika miaka ya 1980 dawa za kutibu ugonjwa zilipatikana, mathalan buparvaquone, lakini ni ghali na hufaa zaidi mnyama akitibiwa mapema. Ng'ombe wa gredi akishaanza kupumua kwa shida, mara nyingi mfugaji huwa anatupa fedha zake.

Njia nyingine ilizaliwa Muguga, karibu na Kikuyu, katika shirika la utafiti wa mifugo lililomilikiwa kwa pamoja na Kenya, Uganda na Tanzania chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati huo. Watafiti walijua mambo mawili. Kwanza, ng'ombe anayepona ugonjwa huu hupata kinga ya muda mrefu sana. Pili, W. O. Neitz wa Onderstepoort, Afrika Kusini, alikuwa ameonyesha mnamo 1953 kwamba dawa za jamii ya tetrasaiklini hukipunguza nguvu kimelea zinapotolewa mapema. Basi wakayaunganisha: ng'ombe adungwe vimelea hai, na papo hapo adungwe sindano ya pili ya oksitetrasaiklini inayodumu mwilini kwa siku kadhaa. Dawa hukichelewesha kimelea, mwili nao hupata nafasi ya kujifunza kupigana nacho. Kwa kuwa aina moja ya kimelea haikutosha, walichanganya aina tatu, yaani Muguga, Kiambu 5 na Serengeti. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 1975. Miaka miwili baadaye Jumuiya ikavunjika.

Chanjo haikufa pamoja nayo, lakini safari yake ilikuwa ya kuchechemea, na msomaji akielewa namna inavyotengenezwa hatashangaa. Hakuna kiwanda kinachoweza kukichemsha kimelea hiki ndani ya pipa. Ni lazima kupe wachanga walishwe juu ya ng'ombe aliyeambukizwa, waachwe wakue, kisha walishwe tena juu ya sungura kwa siku chache ili vimelea vikomae ndani ya tezi zao za mate. Hapo ndipo husagwa, na majimaji yake hugandishwa ndani ya nitrojeni ya maji yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sufuri. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Mifugo, ILRI, lenye makao jijini Nairobi, lilitengeneza akiba kubwa mnamo 1996 na nyingine mnamo 2008, kabla ya kazi hiyo kukabidhiwa kituo kilichoko Lilongwe, Malawi.

Wamaasai wa kaskazini mwa Tanzania ndio walioikumbatia kwa wingi tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Haikuwa ajabu, kwa kuwa maradhi haya huua ndama wao kwa kiwango cha kutisha. Kwa mwenye ng'ombe wawili nyuma ya nyumba, hali ni tofauti. Mrija mmoja wa chanjo umekuwa ukibeba dozi hadi 40, na ukishayeyushwa sharti utumiwe katika saa chache. Kumkusanyia daktari wa mifugo ng'ombe 40 kutoka maboma ishirini kwa asubuhi moja si mchezo.

Nchini Kenya palikuwa na wasiwasi mwingine. Ng'ombe aliyechanjwa hubaki na vimelea kidogo damuni, na kupe wanaweza kuvisambaza. Je, yafaa kuingiza aina za kimelea mahali ambapo hazikuwapo? Kwa sababu hiyo watafiti wetu walijaribu pia chanjo ya aina moja tu, iliyotoka Marikebuni katika eneo la Kilifi. Swali hilo lilikuwa la haki, ijapokuwa ndama waliendelea kufa wakati likijadiliwa.

Kuna pia nyati. Yeye hubeba kimelea bila kuugua, na aina zilizo mwilini mwake ni nyingi kiasi kwamba ng'ombe aliyechanjwa akilisha karibu na mbuga bado anaweza kupatwa.

Matumaini mapya yametoka kwa ng'ombe wenyewe. Mnamo 2022 watafiti wa ILRI wakishirikiana na Taasisi ya Roslin ya Scotland walichapisha uchunguzi wa ng'ombe wa Boran, wazao wa fahali mmoja, ambao wengi wao waliambukizwa wasife. Walionusurika walihusishwa na badiliko katika jeni iitwayo FAF1B. Endapo badiliko hilo litathibitika kwa ng'ombe wengine, wazalishaji wataweza kuwachagua mafahali wanaolibeba na kulieneza kwa mbegu za kupandikiza, jambo ambalo halihitaji nitrojeni nyingi kuliko ile ambayo mpandishaji wa kijijini tayari huibeba kwenye pikipiki yake.