Machakos: Mji mkongwe kuliko Nairobi ulioachwa kando na reli

MJI wa Machakos, ulio makao makuu ya kaunti yenye jina hilo, uko zaidi ya kilomita 60 kusini mashariki mwa Nairobi. Msafiri aendaye huko huiacha barabara kuu ya Mombasa pale Kyumvi, na punde si punde hujikuta amezingirwa na milima. Iko milima ya Iveti, iko ile ya Mua inayosifika kwa matunda, na uko Kiima Kimwe, jina ambalo kwa Kikamba maana yake ni mlima mmoja, kwa vile umesimama peke yake. Barabara ya Kituluni nayo ina mahali ambapo gari lililozimwa injini huonekana likipanda mlima lenyewe. Wageni hawaishi kwenda kujionea.

Mvua hunyesha mara mbili kwa mwaka. Tofauti na sehemu nyingi za nchi, mkulima wa huku hutegemea zaidi vuli ya Oktoba hadi Desemba kuliko masika, ambayo humhadaa mara kwa mara.

Jina Machakos limetokana na Masaku, kiongozi wa Wakamba aliyeishi hapa kabla ya ukoloni. Wazungu walishindwa kulitamka, wakaliharibu, na likabaki hivyo hivyo. Wenyeji wangali wanauita mji huo Masaku.

Mwaka 1889 kampuni ya Waingereza iliyokabidhiwa Afrika Mashariki ilijenga kituo chake hapa, katika njia ya misafara ya kutoka pwani kwenda Uganda. John Ainsworth alifika mwaka 1892 kukisimamia, na Uingereza ilipotwaa utawala mwaka 1895, Machakos ikawa makao ya mkoa wa Ukamba. Wakati huo Nairobi ilikuwa kinamasi cha kunyweshea ng'ombe.

Lakini reli kutoka Mombasa haikupanda milimani. Ilishika nyanda za Athi na kufika Nairobi mwezi Mei 1899, na mwaka huo huo makao ya mkoa yakahamia huko. Simulizi za Wakamba hueleza kwamba nabii Syokimau alikuwa ameagua kuja kwa nyoka mrefu atakayeikata nchi. Nyoka huyo alikuja kweli, ila aliupita kando mji mkuu wa Wakamba.

Machakos ikabaki mji wa wilaya. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ilianza kuwanyang'anya wenyeji ng'ombe kwa nguvu, ikidai kuwa mifugo imezidi uwezo wa ardhi. Muindi Mbingu aliongoza umati wa wanaume, wanawake na watoto kwenda Nairobi kumwona gavana, nao wakapiga kambi huko kwa majuma kadhaa. Unyang'anyi ulisitishwa, lakini Mbingu mwenyewe akahamishiwa Lamu.

Mmomonyoko wa udongo uliotumiwa kuwa kisingizio ulikuwa wa kweli, na walioupatia dawa ni wakulima wenyewe. Walichimba matuta ya fanya juu, yaani mtaro ambao udongo wake hutupwa upande wa juu wa shamba. Utafiti wa Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki uliochapishwa mwaka 1994 ulionyesha kuwa wilaya hiyo, iliyodhaniwa kuwa jangwa linalosubiri wakati wake, ilikuwa na hali bora kuliko miaka ya 1930 ingawa watu walikuwa wameongezeka takriban mara tano.

Kwa upande wa utawala, wilaya ilipunguzwa mwaka 1992 Makueni ilipotengwa. Hadi 2013 mji ulikuwa na baraza la manispaa lenye meya na madiwani, huku mashamba yakisimamiwa na Baraza la Kaunti ya Masaku. Katiba ya 2010 ilifuta mpangilio huo. Alfred Mutua alichaguliwa gavana wa kwanza mwaka 2013, naye Wavinya Ndeti akamrithi mwaka 2022. Kaunti ina maeneo bunge manane na wadi 40. Eneo bunge la Machakos Mjini peke yake lina wadi saba, zikiwemo Mutituni, Kola na Kalama. Meya hayupo tena, kwani sheria ya miji ya 2011 imeweka bodi na meneja mahali pake, mabadiliko ambayo wakazi wengi bado hawajayazoea.

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,421,932 katika kaunti nzima. Hata hivyo viwanda vikubwa, hasa vya saruji, haviko katika mji huu bali Athi River, kulikopita reli. Hivyo bunge la kaunti hukutana milimani kugawa fedha ambazo sehemu yake kubwa hutozwa nyandani, na wakazi wa Mavoko hawachoki kuuliza wanapata nini. Wa mjini nao wana swali lao, la maji. Bwawa la Maruba lililo karibu halijawahi kutosheleza mji unaozidi kupanuka, na mikokoteni ya mitungi bado huonekana mitaani kila asubuhi.