Saranghae haina "mimi" wala "wewe": viambishi kutoka Seoul mpaka Mtito Andei

Wasee, tuanze na neno ambalo nusu yenu mnalijua kuliko jina la chifu wenu: saranghae. Kila drama ya Korea iko nalo, na mnalitafsiri "ninakupenda". Sawa, lakini hebu tulipasue vile mwalimu wa Kiswahili alikuwa anatupasulisha vitenzi. Ni-na-ku-pend-a. Mimi niko ndani, wewe uko ndani, wakati uko ndani. Sasa saranghae: "sarang" ni upendo, "hae" ni kufanya, kwa namna ya kuongea na rika lako. Basi. Hakuna mimi, hakuna wewe. Nani anampenda nani? Angalia tu ni nani anaangaliwa.

Na bado Kikorea na Kiswahili zinafanana kwa jambo moja kubwa: zote hushona maana kwa vipande vidogo. Jib ni nyumba. Jibe gayo ni "naenda nyumbani". Hiyo "e" inafanya kazi ya "ni" yetu. Bap ni wali, ama chakula kwa jumla. Babeul meogeoyo ni "nakula chakula", na "eul" imegandishwa nyuma ya chakula kukuambia hiki ndicho kinacholiwa. Sisi hatuhitaji hiyo, juu kwetu kinacholiwa hukaa baada ya kitenzi. Kwao kitenzi hukaa mwisho kabisa, kwa hivyo kila nomino hutembea na kitambulisho chake. Halafu toa ile "yo" ya mwisho: meogeo. Maana ni ile ile, lakini sasa unaongea na beshte. Mwambie hivyo mzazi wa mpenzi wako na hiyo harusi usahau.

Wengi huishia hapo, wanakariri. Mimi chuo niliacha, lakini swali moja halikuniacha: nani aliviandika hivi vipande mara ya kwanza, na kwa nini?

Kwa karne nyingi wasomi wa Korea waliandika kwa herufi za Kichina. Shida ni kwamba maneno ya Kichina hayabadiliki mwisho. Hakuna "eul", hakuna "yo". Kwa hivyo wakabuni mbinu inayoitwa idu: kuazima herufi za Kichina ili ziandike vile viambishi vya Kikorea. Ilikuwa kazi ngumu, ya watu waliosoma miaka mingi. Mkulima alibaki nje. Ndipo mfalme Sejong akakamilisha herufi mpya 28 mwaka 1443 na kuzitangaza 1446, herufi ambazo zinaweza kuandika neno mpaka mkia wake. Msomi wake Choe Manri alipinga 1444. Hoja yake kwa ufupi: kuwa na maandishi yako mwenyewe, tofauti na ya China, ni mambo ya washenzi. Kumbuka hiyo hoja, tutakutana nayo tena.

Ruka mpaka wakati Japani inaibana Korea. Mwalimu Ju Si-gyeong (1876–1914) alikuwa anazunguka shule baada ya shule akifundisha sarufi ya Kikorea, vitabu amevifunga kwa kitambaa, mpaka watu wakampa jina la utani la huo mzigo: Ju Bottari. Korea ilimezwa na Japani 1910. Wanafunzi wake hawakukaa kimya. Mwaka 1933, chini ya ukoloni, chama cha lugha ya Kikorea kilitoa kanuni za kuandika Kikorea, pamoja na jinsi ya kutenganisha mzizi wa kitenzi na mwisho wake. Kuanzia 1938 Kikorea kikaanza kusukumwa nje ya shule. Kuanzia 1942 polisi wakakamata watu 33 kwa sababu ya chama hicho. Walikuwa wanaandaa kamusi. Wawili kati yao, Yi Yun-jae na Han Jing, walifia gerezani. Mswada wa kamusi ulipatikana Septemba 1945 kwenye ghala la stesheni ya Seoul, na juzuu ya kwanza ikatoka 1947.

Yaani hizo "eul" na "yo" unazokariri kwa simu, kuna watu walizifia.

Sasa turudi nyumbani. Nani aliandika sarufi yetu? Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyefika Mombasa 1844. Mwaka 1849 alipita Kikumbulyu, upande wetu huu, akaenda mpaka Kitui kwa Kivoi, yule mfanyabiashara mkubwa wa Kikamba. Mwaka uliofuata, kule Tübingen, ikachapwa sarufi yake ya Kiswahili, msamiati wa lugha sita ambamo Kikamba kimo, na Injili ya Marko kwa Kikamba. Kazi kubwa, hatukatai. Lakini maneno yalitoka vinywani mwa Wakamba na Waswahili, na jina kwenye jalada ni lake. Hata Kiswahili sanifu kilichaguliwa kwenye mkutano wa Mombasa wa 1928, na kamati iliyoundwa 1930 na serikali za kikoloni.

Angalia jina la mji wetu. Kwa Kikamba ni msitu wa tumbusi: mũtĩtũ, kisha "wa", kisha ndeĩ. Kwenye maandishi kile kiunganishi kikabandikwa kwenye neno la pili, ikapatikana "Andei". Andei si kitu! Ni ndege aliyeshikwa na kiambishi kisicho chake, na tumeishi hivyo tangu enzi ya reli ya kwanza mpaka hii ya SGR.

Halafu shuleni nilikopita, mtoto akiongea Kikamba alivalishwa kibao shingoni mpaka ampate mwingine wa kumpasia. Ni Choe Manri huyo amerudi: lugha yako ni ushenzi. Tofauti ni kwamba Wakorea walitiwa ndani wakitetea viambishi vyao, na sisi tulivishana vibao wenyewe, miaka mingi baada ya mkoloni kuondoka. Na Katiba ya 2010, Kifungu cha 7, inataka serikali ikuze na kulinda lugha zetu.

Sisemi uache Kikorea. Jifunze, kitakufungua macho. Lakini mtu anayeweza kukueleza tofauti ya "eun" na "i" hana haki ya kusema Kikamba ni kigumu. Kikamba kina irabu saba. Ndani ya kitenzi chenyewe kinatofautisha kilichotendeka leo, jana na zamani, wakati Kiswahili kinategemea "li" moja kwa zote. Huo ni utajiri ambao wengi wetu tunauacha kwa susu zetu.

Kwa hivyo kazi ya wiki hii: chukua kitenzi kimoja, kula ama kwenda. Muulize susu akutajie cha leo, cha jana na cha zamani. Andika, weka ĩ na ũ mahali pake, na chini yake weka tarehe na jina la susu. Safari hii jina kwenye jalada liwe letu.