Kata ya Wazulu: Alama ya Umoja na Swali la Mzigo

Mama atokaye kisimani husokota majani au kitambaa kuwa mviringo, akauweka kichwani chini ya mtungi. Sisi huuita kata. Wazulu wa Afrika Kusini huuita inkatha, na maneno hayo mawili ni ndugu wa shina moja la Kibantu. Kutoka katika chombo hiki duni chama cha Inkatha, chenye ngome yake KwaZulu-Natal, kilipata jina lake.

Kabla ya kuwa chama, inkatha ilikuwa kitu kitakatifu cha ufalme. Kata kubwa ya majani, iliyofungiwa ndani yake vitu vilivyotoka kwa mfalme na watu wake, ilihifadhiwa katika boma la kifalme kama kifungo cha taifa. Mwaka 1879 majeshi ya Waingereza, yakipigana na Mfalme Cetshwayo, yaliiteketeza. Katika miaka ya 1920 Mfalme Solomon kaDinuzulu alilifufua jina hilo katika chama cha kuuhuisha umoja wa Wazulu. Na tarehe 21 Machi 1975 Mangosuthu Buthelezi akaanzisha Inkatha mpya, iliyogeuzwa kuwa Inkatha Freedom Party mwaka 1990.

Hapa ndipo alama inapotuhoji. Mviringo huwaunganisha walio ndani, lakini pia huwaacha wengine nje. Katika mapigano baina ya wafuasi wa Inkatha na wa ANC, tangu miaka ya 1980 hadi 1994, maelfu waliuawa. Na huko Natal mara nyingi Mzulu alimwua Mzulu mwenzake. Chama kilikubali kushiriki uchaguzi wa Aprili 1994 siku chache tu kabla ya kura, hata ikabidi alama yake ibandikwe chini ya karatasi zilizokwisha kuchapwa.

Lakini kata ya yule mama haisokotwi kwa ajili yake yenyewe. Husokotwa kwa sababu uko mzigo. Mtume Paulo aliwafundisha Wagalatia kwamba kuchukuliana mizigo ndiko kuitimiza sheria ya Kristo. Buthelezi alifariki mwaka 2023. Mwaka uliofuata Inkatha na ANC waliingia pamoja katika serikali ya KwaZulu-Natal. Nasi tunaovaa msalaba vifuani tujiulize: alama yetu inatutenga na jirani, au inatuwezesha kuuchukua mzigo wake?