Posho, Bati na Maisha: Hoja Kutoka Machimbo ya Kilo

Mjini Bunia, mashariki mwa Kongo, watu wa misaada wakikutana, kauli moja haikosekani: kwanza tuokoe watu, mengine yatafuata. Nimeisikia kwa maofisa wa serikali, kwa mapadre na kwa walimu wenzangu. Mzizi wake wa kitaaluma unafahamika. Mwaka 1943 mwanasaikolojia Abraham Maslow alipanga mahitaji ya binadamu kwa daraja: chakula na maji chini, usalama juu yake, kisha upendo na heshima, na mwisho kabisa mtu kutimiza kile alichojaliwa kuwa. Watetezi wake husema, na ni kweli, kwamba Maslow mwenyewe hakuyafanya madaraja hayo kuwa ya chuma. Sera ndizo zilizoyafanya hivyo. Hapa jimboni Ituri yamegeuka ratiba ya kazi: mwaka huu unga, mwaka ujao mbegu, na furaha ya watu haijapangiwa mwaka.

Makala hii inadai kwamba katika machimbo ya dhahabu ya Kilo, wilayani Djugu, mpangilio huo umepinduka. Huko watu huweka uhai rehani ili wapate maisha. Nadharia yoyote inayochukua kuponea kuwa msingi, na ustawi kuwa ghorofa inayojengwa baadaye, haiwezi kueleza kwa nini mtu mwenye shamba la mhogo huko Djugu anateremka katika shimo ambalo juzi lilifukia wenzake.

Tuanze na lugha. Kijana anayeondoka Bunia kwenda machimboni haagi kwamba anafuata dhahabu. Anasema anakwenda kutafuta maisha. Msemo huo umezoeleka Afrika Mashariki nzima kiasi kwamba masikio yetu yameuacha upite. Aliye hai anatafutaje maisha? Anaweza, kwa kuwa Kiswahili hakichanganyi uhai na maisha. Uhai anao mtu, anao mbuzi, unao hata mhogo ardhini. Maisha hujengwa: yana nyumba, yana mke au mume, yana watoto wanaosoma, na yana watu watakaojaa uani siku ya matanga. Kuponea ni neno la ajali. Mtu huponea chupuchupu, leo, kwa bahati. Kunawiri, kwa upande mwingine, ni neno lenye nuru ndani yake. Husemwa juu ya uso wa mtu na juu ya majani ya mmea, kwa sababu ustawi ni kitu kinachoonwa na wengine. Sidai kwamba sarufi inathibitisha falsafa. Nadai tu kwamba wasemaji wa lugha hii walikuwa na tofauti hiyo mkononi kabla ya mtaalamu yeyote kuwaletea jedwali.

Kilo inafaa kwa mjadala huu kwa sababu ni mahali ambapo kuponea kumepimwa kwa kipimo kwa zaidi ya karne moja. Mwaka 1903 watafutaji wawili kutoka Australia, Hannan na O'Brien, waliona dhahabu katika kijito cha Agola, karibu na Kilo. Uchimbaji ulianza mwaka 1905, na mwaka 1926 ikaundwa kampuni ya Kilo-Moto. Wafanyakazi walikusanywa kupitia machifu, mara nyingi kwa nguvu, wakalishwa kwa posho. Neno hilo posho lina historia nzito kuliko tunavyokumbuka: ni chakula kilichokadiriwa ili mkono uweze kuchimba tena kesho. Baada ya uhuru kampuni ikawa ofisi ya dola, OKIMO, mwaka 1966. Na mwaka 1982 sheria ya Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, ikaruhusu raia wachimbe wenyewe nje ya maeneo ya kampuni. Hao hawakulishwa posho ya kampuni. Kisha vita vya 1999 hadi 2003 vikaja na posho ya aina nyingine, ile ya misaada kambini. Viwango vya kimataifa vya misaada vinavyoitwa Sphere vinataja kilokalori 2,100 na maji lita 15 kwa mtu kwa siku, na mita za mraba 3.5 za sehemu iliyoezekwa. Siwatii kundi moja mwajiri wa kikoloni na muuguzi wa kambini. Mmoja alikokotoa ili anyonye, mwingine anakokotoa ili asizike mtoto. Hata hivyo swali lao ni lile lile: ni kiasi gani cha chini kabisa kitamfikisha huyu kesho?

Kuhusu ukatili uliopita hapa wanazuoni hawabishani. Human Rights Watch, katika ripoti yake ya mwaka 2005 juu ya dhahabu ya eneo hili, ilikadiria kwamba raia wasiopungua 2,000 waliuawa katika mji wa machimbo wa Mongbwalu na pembezoni mwake kati ya Juni 2002 na Septemba 2004. Ubishi unaanzia kwenye pesa za mchimbaji. Inasemwa kwamba anazitapanya. Mwanaanthropolojia Andrew Walsh, akiandika mwaka 2003 juu ya wachimbaji wa yakuti samawi nchini Madagaska, alieleza pesa hizo kuwa za moto, na matumizi yake kuwa ujasiri wa vijana wanaotaka kuonekana. Wachumi Abhijit Banerjee na Esther Duflo, katika kitabu chao cha mwaka 2011, wanasimulia mtu wa kijijini Moroko aliyekosa chakula cha kutosha lakini akawa na televisheni. Wanatufundisha kwamba maskini naye anatafuta kitu cha kuyafanya maisha yapendeze. Nakubaliana nao kuliko ninavyokubaliana na Walsh, lakini wote wameangalia kitu kilichonunuliwa na kusahau muda ambao mnunuzi anadhani anao. James Smith, naye mwanaanthropolojia, alikaribia zaidi. Katika makala yake ya mwaka 2011 juu ya madini ya koltani mashariki mwa Kongo, alionyesha kwamba watu waliporwa hata wakati wenyewe: uwezo wa kupanga kesho kwa kutegemea leo. Hapo ndipo ninapotaka kusimama, na ushahidi wangu ni bati.

Mchimbaji akishagawana mchanga na mwenye shimo, ambaye huko huitwa PDG, huosha fungu lake na kumpelekea mnunuzi. Mizani ni ndogo ya mkono, na njiti za kiberiti huwa mawe yake. Ukisikiliza mazungumzo pale utasikia karo, mahari, deni la duka, pombe pia. Lakini kitu ambacho wengi hukihesabu kwa idadi ni bati. Mtu hasemi ana akiba ya kiasi fulani. Anasema amefikisha mabati saba, bado kumi na tatu.

Mama mmoja wa Kilo aliwahi kunishushia bati moja kutoka kwenye banda la jiko ili nilione. Lilikuwa limefifia rangi, kingo zimejikunja, na lilikuwa na safu tatu za matundu ya misumari zisizolingana. Mwalimu, aliniambia, hili limelala katika nyumba tatu. Safu ya kwanza, yenye matundu madogo yaliyopangika, ni ya nyumba ya baba yake, aliyekuwa mfanyakazi wa OKIMO. Ya pili ilipigwa haraka baada ya kurudi kutoka ukimbizini. Pale misumari ilikuwa mikubwa na hapakuwa na mbao za kutosha, ndiyo maana matundu yamekaa upande mmoja. Ya tatu ni ya sasa. Matundu ya zamani alikuwa ameyaziba kwa vipande vya raba vilivyokatwa kwenye kandambili, kimoja chekundu, vingine vya buluu. Kila alipokimbia, aling'oa alichoweza na kukibeba kichwani, kwa sababu kila mtu wa Djugu anajua kwamba kisichobebwa na mwenyewe hubebwa na mporaji.

Mchumi atasema: hiyo ndiyo akiba ya dharura, yaani kuponea kwenyewe. Ningekubali, kama mama huyo hangenionyesha kitu cha pili. Ndani ya nyumba, nyuma ya pazia, kulikuwa na mabati mapya yameegemezwa ukutani, yamefunikwa kwa kitenge. Nyumba ilikuwa inavuja. Nilimuuliza kwa nini hayajapigiliwa. Alijibu kwamba ukishatoboa bati jipya umesema unakaa, na yeye hajawa tayari kusema hivyo.

Nimerudi kwenye jibu hilo mara nyingi. Kama bati lingekuwa kinga ya mvua tu, lingekuwa juu ya paa usiku ule ule. Kama lingekuwa mali ya kuuza tu, angelificha kwa jirani wa mbali, asingelifunika kwa kitenge ambacho angeweza kukivaa kanisani. Kwake mabati yale yalikuwa nyumba iliyokwisha kuwepo ila haijapewa ruhusa ya kusimama. Uhai wake ulikuwa umehifadhiwa. Maisha yake yalikuwa yameegemezwa ukutani.

Nitaulizwa kuhusu pombe, kuhusu wanaume wanaoacha watoto nyumbani na kuanzisha nyumba nyingine machimboni. Siyakani. Naona tu kwamba wanaotaja ulevi wa mchimbaji ni nadra kutaja kwamba tangu Desemba 2017 mapigano yamerudi Djugu, kwamba wanamgambo wa CODECO na makundi mengine wamegombea machimbo hayo hayo, na kwamba hali ya dharura iliyotangazwa Mei 2021 haikuwarudishia watu usingizi. Anayejua kwamba nyumba inaweza kuchomwa kabla ya mavuno ana sababu nzuri ya kutoiweka pesa mahali inapoonekana. Huwekeza mahali ambapo moto haufiki: karo, mahari, likelemba (mchango wa kupokezana), matanga ya jirani. Mwenye bunduki anaweza kuchukua bati, lakini hawezi kuchukua ukweli kwamba ulihudhuria msiba wa watu nao watahudhuria wako. Ninachotazama mimi kama ustawi, wengine wamekiandika kwenye safu ya matumizi yasiyo ya lazima.

Sheria yetu, kwa mshangao, imeuona wakati ujao. Marekebisho ya mwaka 2018 ya sheria ya madini yanagawa mrabaha hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa mamlaka ya mahali pale panapochimbwa, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Lakini dhahabu ya mchimbaji mdogo wa Ituri, kama ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa zinavyorudia, huvukia Uganda kwa magendo na kuelekea Dubai, bila mrabaha kukatwa. Vizazi vijavyo vya Kilo vimetajwa katika sheria, ila havina njia ya kufikiwa na fungu lao.

Kwa hiyo napendekeza jambo dogo, ingawa naamini lina uzito kuliko miradi mingi niliyoona. Fomu inayojazwa familia inaporudi kijijini huuliza idadi ya watu, wagonjwa, wajawazito, vyombo vya kupikia. Iongezwe swali: ulikuwa unajenga nini ulipokimbia? Wapo watakaotaja nyumba, wapo watakaotaja mtoto aliyebakiza mwaka mmoja wa shule, mahari iliyolipwa nusu, kaburi la baba lisilosakafiwa. Msaada uanzie hapo, sambamba na unga. Na anayetaka kujua kama amani imefika Kilo aingie katika nyumba, apige hodi, aombe kutazama nyuma ya pazia, ahesabu mabati ambayo bado hayana tundu.