Beji Isiyo na Kibali

Katika jeshi kila kitu kina amri yake. Kofia ina namna yake ya kuvaliwa, kifungo kina mahali pake, na beji hupigwa chapa kiwandani kwa kufuata kielelezo kilichokubaliwa na wakubwa. Lakini vita huzaa vitu ambavyo hakuna mkubwa aliyeviamuru. Miongoni mwake ni beji ambazo askari walijitengenezea wenyewe, mbali na makao makuu.

Mfano mzuri tunaupata Misri wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Mwaka 1940 Ralph Bagnold, aliyekuwa amelizunguka jangwa la Libya kwa motokaa kabla ya vita, aliunda kikosi cha doria kilichoitwa Long Range Desert Group. Alama yao ilikuwa nge ndani ya gurudumu. Mwaka 1942 Vladimir Peniakoff, mzaliwa wa Ubelgiji mwenye asili ya Kirusi, aliunda kikosi kilichopewa kwa mzaha jina la Popski's Private Army, yaani jeshi binafsi la Popski. Beji yao ilikuwa na astrolabu, chombo cha kale cha kupimia nyota. Beji za namna hii zilianza kutengenezwa na mafundi wa Cairo, kila mmoja kwa mkono wake na kwa vifaa alivyokuwa navyo.

Vikosi hivyo vilikuwa vidogo, kwa hiyo beji nazo zilikuwa chache. Kitu kikiwa adimu na chenye sifa, wakusanyaji hukishindania, na bei ikipanda, mwigaji naye huingia kazini. Hapo ndipo lilipo fumbo lenyewe. Beji rasmi ikitiliwa shaka, tunaweza kuilinganisha na kielelezo chake. Beji isiyo rasmi italinganishwa na nini? Fundi mmoja alikata bawa refu, mwenzake akalikata fupi, na zote mbili ni za kweli. Kasoro za mkono ni dalili ya asili yake, lakini kasoro hizo hizo ndizo maficho ya mlaghai. Ukimwambia kazi yake ni mbovu, atakujibu kwamba ilifanyika vitani.

Yapo mambo ya kupima. Beji iliyonakiliwa kwa kumiminwa madini katika ukungu mara nyingi huwa na vitundu vidogo usoni, na maandishi yake hufifia. Ya kitambaa huangaliwa nyuzi zake: uzi wa plastiki wa miaka ya baadaye hauwezi kushona beji ya 1942. Wengine humulika kwa taa ya mionzi ya urujuanimno, kwa sababu nyuzi nyingi za baada ya vita zina kemikali ya kung'arisha weupe, nazo huwaka. Hata hivyo kipimo hiki si hakimu. Beji ya kweli iliyofuliwa kwa sabuni ya siku hizi nayo yaweza kuwaka, na mlaghai mwerevu hutafuta uzi wa zamani.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, tunarudi kwenye somo nililowafundisha walimu wanafunzi miaka mingi: chanzo. Kitu hiki kilitoka kwa nani, kikapita mikononi mwa nani, na kuna picha, barua au kitabu cha utumishi kinachokisindikiza? Hadithi tamu ya muuzaji si ushahidi, kwani hadithi haina gharama kuitunga.

Wapo wasemao kwamba nakala nzuri haina madhara. Nakala iliyotengenezwa kwa ukumbusho na kuuzwa kama nakala haina lawama. Ile inayouzwa kama ya vitani ni jambo jingine. Beji rasmi hutuambia serikali ilitaka askari aonekane vipi, bali hii ya kujitengenezea hutuambia askari mwenyewe alijionaje. Ni ushuhuda wa watu ambao wengi wao hawakuandika vitabu. Anayeughushi anawawekea wafu maneno mdomoni, na mnunuzi asiye na habari anayapeleka mbele kama historia.

Nasi linatuhusu. Askari wetu wa Keya walipigana Ethiopia na Madagascar, na mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye alama rasmi ya kichwa cha kifaru, ilipita bonde la Kabaw huko Burma katikati ya mvua na malaria. Vitu vyao vingine bado vimo masandukuni mwa wajukuu, havina hata jina. Kitu kisicho na jina leo, kesho hakitatofautishwa na cha bandia. Kama unacho kimoja, chukua karatasi uandike jina la mzee, kijiji chake, kikosi chake kama unakijua, na jinsi kitu hicho kilivyokufikia. Tia tarehe na sahihi, uiweke pamoja nacho. Kazi hiyo haichukui hata nusu saa, na hakuna mtaalamu atakayeweza kuifanya badala yako.