Kihenge Kilichojengwa kwa Ajili ya Ulezi

Kihenge kimelaumiwa sana. Kila panapozungumzwa hasara ya nafaka baada ya mavuno, ghala hili la fito na samadi hutajwa mapema kuwa ndilo chanzo, kisha mfuko wa plastiki usiopitisha hewa huletwa kama tiba. Kwa nchi ya Wakurya, na hasa kwa kata ya Kemambo kule Nyamongo, kusini mwa wilaya ya Tarime, karibu na mto Mara ambao ng'ambo yake ni wilaya ya Serengeti, maelezo hayo yana kasoro kubwa: hayaulizi ndani ya kihenge mlikuwa na nini. Hoja yangu ni kwamba ghala la wazee lilifanya vizuri kazi liliyojengewa, na kazi hiyo ilikuwa kutunza ulezi na mtama. Lilipojazwa mahindi lilibebeshwa mzigo usio wake, na mzigo ulipoharibika akalaumiwa aliyeubeba.

Tuanze na ghala lenyewe. Kihenge kilisukwa kwa fito kama tenga kubwa la mviringo, kikainuliwa juu ya mawe au magogo ili mchwa na unyevu wa ardhi visikifikie, kikasiribwa kwa samadi ya ng'ombe, kitu ambacho mji wa Mkurya haukukikosa, kisha kikavikwa paa la nyasi. Katika mji wa mitala kila nyumba ilikuwa na mashamba yake na akiba yake, na mama wa nyumba ndiye aliyejua kilichobaki na kitatosha hadi lini. Nafaka ilikatwa masuke, ikaanikwa mpaka ikakauka kabisa, ikatunzwa, na ikatolewa kidogo kidogo. Unga haukuwekwa akiba. Ulisagwa kwenye jiwe kwa kadiri ya chakula kilichotakiwa, na kulikuwa na sababu nzuri: punje nzima ni mbegu hai yenye ganda linaloilinda, ilhali ikishasagwa mafuta ya kiini chake hukutana na hewa na unga huanza kuchacha. Ukweli huohuo unafuatwa mbali sana na Mara. Wamormoni wa Utah, Marekani, ambao kanisa lao huwahimiza kuweka akiba ya chakula nyumbani, hufungasha ngano nzima na mchele mweupe kwenye makopo yasiyo na oksijeni wakitarajia vikae miaka 30, lakini mchele usiokobolewa hawaupi hata sehemu ndogo ya muda huo kwa sababu ya mafuta yaliyomo katika pumba zake. Mama wa Kikurya hakuwa na kopo wala kidonge cha kunyonya oksijeni. Alikuwa na ulezi.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Punje ya ulezi haifiki upana wa milimita 2. Fukusi anayeshambulia nafaka zetu hutaga yai ndani ya punje, na funza wake hula na kukua humohumo mpaka atoke mdudu kamili. Katika punje ya mahindi ana chumba cha kutosha na chakula cha kumkuza. Katika punje ya ulezi hana hata mahali pa kugeukia. Tena punje ndogo zikijazana hubana, na hewa inayobaki kati yake ni kidogo. Ndiyo maana vitabu vya kilimo hutaja miaka 10 na zaidi kwa ulezi uliokaushwa vizuri, bila dawa yoyote. Sifa ambayo viwanda vinahangaika kuitia kwenye mfuko, ulezi ulizaliwa nayo. Kihenge kiliongezea yale ambayo punje haikuweza kujifanyia: kuzuia mvua, panya na mchwa.

Kwa nini basi watu waliuacha? Jibu la haraka, kwamba walidharau vya asili, si la haki kwao. Ulezi una kazi ya kuvunja mgongo. Magugu yake hufanana nao mpaka mtu apalilie kwa vidole, ndege huufuata, na mavuno yake hukatwa suke kwa suke kwa kisu. Mahindi yamefunikwa na maganda yake, huvunwa upesi, na huzaa kilo nyingi zaidi kwa ekari. Watoto waliokuwa wakiamia ndege walipokwenda shule, hesabu ya nguvu kazi ya nyumba ilibadilika. Serikali nayo ilisukuma upande huohuo. Utawala wa Waingereza ulilazimisha mihogo kama zao la kinga ya njaa. Baada ya uhuru, Shirika la Taifa la Usagishaji, lililoanzishwa mwaka 1968, lilinunua mahindi kwa bei moja nchi nzima, na mashine za kusaga zikamaliza kazi iliyobaki. Katikati ya hayo ikaja Operesheni Vijiji, iliyoendeshwa kwa kasi na kwa nguvu mkoani Mara mwaka 1974. Nyumba unaweza kuijenga upya kijijini, lakini mpangilio wa mji wa zamani, pamoja na maghala yake, hauhamishwi kwa lori. Njaa ya 1974 na 1975 iliyofuata nchini iliwakuta wengi wakila unga wa mahindi ya njano ya msaada, ule uliobatizwa jina la Yanga.

Kisha akaja dumuzi. Mdudu huyu asili yake ni Amerika ya Kati, na inadhaniwa aliingia na shehena za mahindi. Alitambuliwa mkoani Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, na wakulima wakamwita Skania, kama malori yale, kwa jinsi anavyosomba mzigo. Uchunguzi uliofanywa huko wakati huo ulikuta mahindi yakipoteza hadi asilimia 34 ya uzito wake ndani ya miezi 3 hadi 6, na mihogo mikavu iliyovundikwa ikapoteza zaidi ya asilimia 70 kwa miezi 4. Tazama mazao hayo mawili. Mahindi na mihogo ndiyo yaliyohimizwa na tawala mbili zilizofuatana ili watu wasife njaa, na ndiyo chakula anachokipenda dumuzi kuliko vyote. Wataalamu walishauri mahindi yapukuchuliwe, yachanganywe na dawa ya unga kama Actellic Super, na yatiwe kwenye magunia. Ushauri ulikuwa sahihi. Lakini matokeo yake ni kwamba akiba iliingia chumbani, ikategemea duka la pembejeo, na kihenge kikabaki na sifa ya kutunza wadudu.

Kuna watakaosema ninapamba zama zilizokuwa na njaa zake. Zilikuwa nazo kweli. Sotoka ya miaka ya 1890 iliangamiza ng'ombe Afrika Mashariki nzima, nzige wa mwisho wa miaka ya 1920 walikula mashamba, na hakuna ghala linalotunza kisichovunwa. Lakini akiba ina mizani miwili: kutoka mavuno hadi mavuno, na kutoka mwaka wa neema hadi mwaka wa ukame. Mahindi kwenye gunia hujitahidi katika mzani wa kwanza. Wa pili uliwezekana kwa ulezi. Mhogo nao, mtu atasema, hujihifadhi ardhini. Ni kweli, mpaka michirizi kahawia ilipoenea Kanda ya Ziwa na kuozesha mizizi ikiwa bado shambani.

Pingamizi zito zaidi ni la mfuko wenyewe. Mfuko wa PICS, uliotokana na utafiti wa kunde uliofanywa Kamerun na Chuo Kikuu cha Purdue, una matabaka mawili ya plastiki ndani ya gunia la kawaida. Kila tabaka hukamuliwa hewa na kufungwa peke yake, wadudu humaliza oksijeni iliyobaki, na wanakufa bila tone la dawa. Unafanya kazi, na kwa nyumba inayokula mahindi naupendekeza bila kusita. Hata hivyo mfuko una masharti. Panya akiutoboa umekwisha. Ukifunguliwa kila siku kwa ajili ya kibaba cha jioni, hewa inarudi. Na ukifungwa na mahindi mabichi huoza, na kuvu ni hatari kuliko fukusi: sumukuvu iliua watu 20 mwaka 2016 huko Dodoma na Manyara. Ili kujua kama yamekauka, tia mahindi na chumvi kavu kwenye chupa, tikisa, subiri dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, rudisha mahindi juani.

Wapo pia wanaoona akiba imepitwa na wakati tangu mgodi wa dhahabu wa North Mara uanze uzalishaji mwaka 2002, kwa kuwa fedha hununua unga. Fedha ya dhahabu hununua unga bei ikiwa chini. Bei hupanda mwezi uleule ambao kila nyumba imemaliza gunia, na sembe ya dukani, iliyoondolewa kiini ili ikae rafuni, imeondolewa pamoja nacho sehemu nzuri ya lishe.

Kwa hiyo ninawaomba maofisa ugani wa Tarime na Serengeti: mnapofundisha kufunga mfuko, pelekeni na mbegu ya ulezi, zikiwemo aina za U15 na P224 zilizokwisha kuidhinishwa nchini. Na wewe mwenye shamba Kemambo, huhitaji kuacha mahindi. Tenga robo ekari, ipandwe kwa mistari ili palizi ipungue, na mavuno yake yasiguswe mpaka mwaka ambao mvua itakataa.